Paa kuingiza hela kwa sola: piga hesabu kwanza, paneli baadae

Kila anayepita kwangu Chanika, Dar, akiona paneli nne za sola juu ya bati swali lake la kwanza ni moja tu, "sasa hapo Tanesco wanakulipa shingapi kwa mwezi?" Hao shirika la umeme hawanilipi hata mia. Na ntaanzia hapo hapo manake watu wengi wanauza kiwanja au wanavunja kibubu wakidhani ukishapanda paneli basi umeme unateremka gridini wewe unapokea muamala kwenye simu. Majirani zetu Kenya wana sheria ya nishati ya 2019 na kanuni zake zikatoka 2024, na hata huko ukirudisha uniti moja (yaani kilowati-saa moja) gridini unahesabiwa nusu tu, tena siyo keshi, unakatiwa kwenye umeme utakaotumia mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "utauza umeme utajirika" mwache aongee, we kunywa chai yako.

Alafu kuna hatari ambayo mafundi wengi hawaisemi. Mita nyingi hizi za kulipia kabla hazijali umeme unaingia au unatoka, zenyewe zinahesabu tu kitu kimepita. Ukiwa na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) inayosukuma ziada nje bila makubaliano na shirika, mita inaweza kukukata uniti kwa umeme ambao umeutoa wewe, au ikajifunga kabisa ikidhani umeichezea, ukaanza kujieleza. Kwa hiyo siku ya kufunga mwambie fundi aizime kabisa hiyo ya kutoa nje, na ukae hapo hapo uone anaizima. Na siyo suala la hela peke yake, umeme ukikatika mtaani na fundi wa shirika akapanda nguzo akijua laini imekufa, wewe huku unasukuma moto, unaua mtu.

Sasa hela iko wapi. Hela iko kwenye uniti ya mchana ambayo haikupotea. Ndo habari yote hiyo, nyingine ni maelezo.

Chukua karatasi. Kama uko tarifa T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) 3 na EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) 1 inafika kama 356, ndo maana ukinunua wa elfu kumi unapata uniti 28 (na mwezi ukianza wanakata ile 1,500 ya kodi ya jengo kwanza, hiyo sola haiwezi kukusaidia pole). Kama uko D1, ile ya matumizi madogo, uniti 75 kwa 9,150, basi uniti yako ni shilingi 122 tu, na mi nakushauri usiguse sola kwa ajili ya kuokoa hela, umeme wako ni wa bure karibia. D1 atakayefaidi ni yule anayezidisha 75 kila mwezi, manake uniti zinazozidi zinahesabiwa 350 kabla ya makato, na akizoea kuzidisha anahamishwa T1. Huyo akipunguza uniti ishirini au thelathini kwa jua anabaki salama.

Paneli moja ya wati 550 haikupi wati 550, hiyo namba ni ya maabara. Kwa huku Pwani mi nahesabu masaa matano ya jua kali kwa siku, alafu nakata robo kwa ajili ya joto, vumbi, waya na inveta. Nne zinakuwa wati 2,200, mara tano, kata robo, unapata kama uniti 8 kwa siku nzuri. Dodoma na Singida watapata zaidi, Dar mwezi wa nne watapata chini ya hapo.

Uniti 8 mara 356 ni 2,850 kwa siku, ukipiga mara thelathini ni 85,000 na ushee. Hapa ndo muuza duka anasimama anakuonyesha kikokotoo, "unaona mzee, elfu themanini na tano kila mwezi". Ni uongo ambao hauna namba hata moja ya uongo. Hizo 85,000 unazipata kama uniti zote nane zimetumika, na nyumba ya kawaida mchana watoto wako shule, baba kazini, mama dukani, kinachokula umeme ni friji na redio. Mi mwezi wa kwanza nilipima, nilikuwa natumia uniti moja na nusu mchana, zile sita na nusu jua lilinipa nikazikataa. Tuseme mtambo umekula milioni 3.2, ukiokoa uniti moja na nusu kwa siku ni kama 534, kwa mwezi elfu kumi na sita, gawanya mwenyewe, ni miezi 200, miaka kumi na sita na zaidi. Inveta itakuwa imeshakufa mara mbili.

Ukitumia uniti sita na nusu kwa siku kwenye mtambo ule ule, hata ukihesabu siku 25 tu za jua kwa mwezi, unaokoa kama 57,800, na hela yako inarudi kwa miezi 55 hivi, chini ya miaka mitano. Paneli hizo hizo, bati hilo hilo. Kilichobadilika ni saa ambayo umeme unatumika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haigusi paneli, ni kuhamisha kazi za nyumbani. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki iwashwe saa tano asubuhi siyo usiku. Pasi ya wiki nzima ipigwe Jumamosi mchana. Wali upikwe kwenye rice cooker saa sita, ukae kwenye hotpot mpaka jioni (mama mkwe alilalamika wali wa mchana, sasa amezoea). Kama una mashine ya kufua hivyo hivyo. Sisi hilo tu lilitutoa uniti moja na nusu mpaka kama nne. Ila usiwashe vyote kwa mkupuo, pasi wati elfu moja, pampu ya hosipawa moja kama 750 na ikianza kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo, inveta ya kilowati 3 inalia.

Kazi ya pili ndo friza, na hapa nikae kidogo maana ndo kiini.

Barafu ni betri. Sikiliza, betri unainunua kwa mamilioni iweke jua la mchana ulitumie usiku. Friza la kifua likijaa barafu saa kumi jioni ukalizima, usipolifungua fungua, asubuhi bado barafu ni jiwe. Umeweka jua la mchana bila betri, tena limekuwa kitu ambacho mtu ananunua. Lita moja ya maji ya bomba mpaka iwe barafu inakula kama sehemu moja ya kumi ya uniti kwenye friza la kawaida, kwa hiyo lita 12 ni uniti 1.2, ongeza na umeme wa friza kujiendesha lenyewe na kufunguliwa, weka uniti mbili na nusu kwa siku. Friza la nyumbani usilipakie lita hamsini kwa siku ukitegemea zigande, lenyewe uwezo wake ni kilo kumi mpaka kumi na tano za maji mapya kwa siku hivi, ukizidisha unapata maji ya baridi yenye ngozi ya barafu juu.

Mama watoto anafunga mifuko ya robo lita, lita 12 ni mifuko 48, mtaani kwetu mia mia, hiyo 4,800. Toa sukari, ubuyu, mifuko na maji, tuseme 1,500, inabaki 3,300. Hapa sasa usijidanganye, hiyo 3,300 siyo yote ya sola. Barafu hiyo hiyo ningeweza kuigandisha kwa Tanesco kwa kama shilingi 890. Kwa hiyo mchango wa sola ni hiyo 890, iliyobaki ni jasho la mama watoto na hela ya friza. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona mtu anachanganya vyote anasema "sola inanilipa laki kwa mwezi" alafu jirani yake ananunua paneli bila friza, bila wateja, anashangaa mbona haoni kitu. Ukiunganisha vyote, 1,424 za uniti nne za nyumbani na 3,300 za barafu, ni kama 4,700 kwa siku, laki na kitu kwa mwezi kwa siku 25. Ni hela nzuri, lakini jua imetoka wapi.

Faida nyingine ya sola kwenye barafu ni umeme ukikatika. Wakati ule wa mgao mwishoni mwa 2023 wenye friza mtaani walikuwa wanauza maji ya vuguvugu, mwenye jua anauza barafu na foleni iko kwake. Siku hizi bwawa la Nyerere linazalisha, mgao wa vile hatujauona tena, ila transfoma kulipuka mtaani kwetu ni jambo la kawaida tu.

Usafi usicheze nao, maji ya barafu yachemshwe au yatibiwe, mtoto mmoja akiharisha biashara imekwisha na bwana afya atakutafuta.

Kwa aliyeko kijijini ambako nguzo hazijafika hesabu ni nyingine kabisa, huko sola ndo kila kitu. Simu moja inakula kama wati-saa 20 mpaka 25 kujaa, maana yake uniti moja inachaji simu arobaini. Ukichaji shilingi 300 kwa simu, uniti ile ile ambayo mjini ni 356 huko inakuwa elfu kumi na mbili. Ndo maana kibanda cha chaji chenye paneli moja kinalisha familia na mtambo mkubwa wa mjini unabembeleza. Mashine ya kunyolea nayo inakula wati kumi na kitu tu, saluni ya kiume ni ndugu wa chaji, wanakaa kibanda kimoja, anayesubiri simu ananyoa. Ila uwe unajua, siku REA wanavuta waya pale kijijini, chaji inakufa ndani ya mwezi, saluni inabaki. Jiandae mapema.

Kutotolesha vifaranga nimeulizwa sana. Mashine inataka joto la 37.5 hivi kwa siku 21 mfululizo, usiku na mchana. Usiku jua halipo, kwa hiyo unahitaji betri au umeme wa kuaminika, na ikizima usiku mmoja trei zima limeharibika. Kwa mtu anayeanza, hapana.

Betri sasa. Betri ya gel ya 12V ah 100 ukiitumia nusu kama inavyotakiwa inakupa kama uniti 0.6 kwa usiku. Ikiishi mizunguko 700 ya kujazwa na kutumika, na hapo nimekuwa mkarimu, itakuwa imekuokolea uniti 420, mara 356 ni kama laki moja na nusu. Nenda kaulize bei ya betri hiyo alafu urudi. Kwa kuokoa hela ni hasara tupu, kwa kuona taa na mpira usiku wakati hakuna umeme sawa, hiyo ni starehe yako. Lithium ya 48V ah 100 ni kitu kingine, inabeba uniti tano, ukitumia nne kila usiku ni 1,424, na zile nzuri zinafika mizunguko elfu nne na zaidi, hiyo inajilipa, ila ni hela nyingi ya mkupuo. Mtambo huu wa sasa mi nimeanza bila betri. Kwa kufanya hivyo lazima ununue inveta ambayo inakubali kufanya kazi bila betri huku ikisaidiana na Tanesco, muulize muuzaji swali hilo wazi na akuwashie dukani, siyo zote zinakubali, nyingine bila betri hazitoi hata mlio. Na wingu likipita bila Tanesco kuwepo friza litazima na kuwaka, kompresa haipendi hiyo, weka fridge guard yenye kuchelewesha dakika kadhaa.

Kwenye inveta yenyewe kuna mpangilio wa nani atangulie. Nyingi zikitoka dukani zimewekwa Tanesco kwanza, jua linasubiri. Watu wamekaa mwaka mzima na paneli juu wanalipa LUKU ile ile, wanasema sola ni utapeli. Ingia kwenye settings uweke jua kwanza, kwenye zile zenye herufi ni SUB au SBU, ya pili ni kwa wenye betri.

Kununua. Usinunue paneli kwa namba ya kwenye stika, nenda na futi. Paneli nzuri ya sasa mita moja ya mraba inatoa kama wati 210, kwa hiyo ya 550 lazima iwe na urefu wa kama mita 2.28 kwa upana 1.13, na uzito wake ni kama kilo 28, unaisikia mgongoni. Ukiuziwa "wati 300" yenye ukubwa wa trei ya kubebea chai, umeuziwa stika. Mi nilishapigwa hivyo mara ya kwanza, siyo paneli ila betri, nikapewa betri la gari limefungwa kava jipya, duka nikirudi limekuwa la vipodozi.

Kufunga. Tanzania yote iko kusini ya ikweta kwa hiyo paneli zitazame kaskazini, na kwa sisi wa Dar ni rahisi zaidi, kibla chetu ni kaskazini karibu kabisa, ukiangalia msikiti wa mtaani umeelekea wapi na paneli zako zielekee huko huko. Mwinamo wa nyuzi kumi mpaka kumi na tano unatosha, kusudi mvua iziteremshie vumbi. Kama bati lako limelalia mashariki au magharibi usibomoe nyumba, kwa mwinamo mdogo hasara ni ndogo. Kinachoua ni kivuli. Tawi la mwembe au simtanki likifunika kona ya paneli moja saa nne asubuhi linavuta chini na wenzake waliofungwa msululu mmoja, siyo kona peke yake. Simama juani saa tatu, saa sita na saa tisa uangalie kivuli kabla fundi hajatoboa.

Paneli nne na fremu zake zinazidi kilo 110, kwa hiyo panda darini kwanza uangalie kenchi na papi kama mchwa hawajaingia. Skrubu zishike kwenye papi, zitobolewe juu ya mgongo wa bati siyo kwenye bonde, na kila moja na raba yake, la sivyo masika utaweka ndoo sebuleni. Acha nafasi ya kama kiganja kati ya bati na paneli upepo upite, paneli ikichemka inapunguza umeme, kila nyuzi kumi za joto inapoteza kama asilimia tatu na nusu, na bati la saa saba unalijua. Wa karibu na bahari watumie alumini na nati za stenlesi, chumvi haina huruma.

Waya wa kutoka juu uwe wa sola wenyewe, milimita 6, siyo ule wa soketi. Breka ya upande wa paneli iwe ya DC, ndo aina ya umeme unaotoka kwenye paneli. Ya AC, yaani ya umeme wa Tanesco, iliyobaki kwenye mzigo wa wiring usikubali kuwekewa pale, moto wa DC ukianza kuruka hauzimiki kirahisi, ukishika bati na kuni za kenchi umeisha. Na ethi ifike ardhini kweli. Fundi awe na leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe, asiyetaka kuonyesha hana.

Kusafisha ni kitambaa na maji asubuhi mapema kabla kioo hakijapata moto, mara moja kwa wiki mbili kiangazi, usimwage maji ya baridi saa nane mchana kinaweza kupasuka. Na nati za nje zipige weldi au zisagwe vichwa, mi nilisaga baada ya jirani kuamka asubuhi akakuta fremu tupu.

Kama hela ya kuanzia haipo usichukue mkopo wa kausha damu kwa ajili ya hiki kitu, marejesho ya kila wiki yanakula kuliko jua linavyozaa. Kina mama, vijana na wenye ulemavu wakiwa kikundi wana ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, haina riba, nenda kwa afisa maendeleo wa kata. Au anza na paneli mbili na friza ulilonalo, inveta tu ndo ununue kubwa kidogo mapema kusudi uongeze baadae bila kuitupa.

Na uwe na daftari. Asubuhi andika namba ya mita ya LUKU, jioni andika tena, na pembeni mifuko iliyouzwa. Mi ndo nilivyogundua Jumapili natumia jua lote na Jumanne silitumii, tukahamishia kufua Jumanne. Mwezi wa nne ukifika na wingu la siku tatu mfululizo mama watoto anapunguza mifuko inabaki ishirini, manake mvua ikinyesha watoto wenyewe hawanunui barafu.